Bomu la Gaddafi Lingetua Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Mwanza, Machi 1979

Mwishoni mwa Machi 1979, wakati vikosi vya Tanzania vimekwisha kuiteka Masaka na kuipita Lukaya vikielekea Kampala, Kanali Muammar Gaddafi alimpelekea Mwalimu Julius Nyerere onyo la saa 24: ayaondoe majeshi yake Uganda, la sivyo Libya itaingia vitani upande wa Idi Amin. Onyo lenyewe lilichelewa, kwa kuwa askari wa Libya walikuwa wamekwisha kupambana na wetu hapo Lukaya tarehe 10 na 11 ya mwezi huohuo. Nyerere alilikataa, na wananchi wakaelezwa kwamba amelikataa. Muda mfupi baadaye ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilifika juu ya Mwanza ikilenga matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha kwa umbali mkubwa, na mabomu yake yakaangukia Saanane, kisiwa kidogo cha hifadhi ya wanyama kilicho jirani na Capripoint, yakaua swala na kumjeruhi mtu mmoja. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka.

Kisa chenyewe ni hicho tu, na kwa kipimo cha vita vya karne iliyopita ni kidogo mno. Saanane siku hizi ni hifadhi ya taifa, na nadhani wengi wanaopanda boti kwenda kupiga picha na swala wa kisiwani hawajui kwamba wanyama hao walikuwa miongoni mwa majeruhi wa sera ya nje ya Libya. Ninakichambua sasa kwa sababu kinajibu, kuliko maandiko mengi ya wataalamu ninayoyafahamu, hoja moja inayorudi vijiweni kila dunia inapoingiwa na hofu ya nyuklia.

Hoja hiyo ilirudi kwa nguvu Juni 2025. Tarehe 13 Israeli iliishambulia Iran. Tarehe 19 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli linaloiunganisha Kigongo na Busisi. Tarehe 22 ndege za Marekani zilivipiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, na tarehe 24 mapigano yakasimama. Kwa majuma hayo mawili vijiwe vya kahawa vya Mwanza vilikuwa na mazungumzo mawili tu, daraja na Iran, na watu waliyabadilisha bila hata kuvuta pumzi. Wala tusidhani kwamba Iran ilikuwa habari ya burudani. Mvuvi anayenunua petroli ya injini ya boti anajua kwamba EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na anajua pia kwamba Mlango wa Hormuz, njia ya meli za mafuta jirani na Iran, ukizibwa, Jumatano hiyo haitakuwa ya heri kwake.

Hoja ya vijana, kama nilivyoisikia kijiwe kimoja karibu na Makoroboi, ilikuwa imepangwa vizuri. Iran imepigwa kwa sababu haijapata bomu. Korea Kaskazini haiguswi kwa sababu inalo tangu ilipolijaribu mwaka 2006. Gaddafi alikubali kuliachia lake mwaka 2003, na miaka minane baadaye akauawa kama mnyama. Kwa hiyo Afrika isidanganywe na mikataba, nayo itafute lake. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kimya upande wa pili wa benchi aliweka kikombe chini akauliza, "Wajukuu zangu, hilo bomu mnalomtakia Gaddafi, mwaka sabini na tisa angelitupa wapi?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Babu, hayo ya Amin yamepita, sisi tunazungumzia Wamarekani." Mazungumzo yakarudi darajani. Swali la mzee lilibaki bila jibu, na maandishi haya ni jaribio la kulijibu.

Libya ilikuwa na nini mwaka 1979

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kama swali lenyewe lina msingi, kwa sababu ni rahisi kulitupa kando kwa kusema kwamba Libya ya wakati ule haikuwa na bomu wala haikukaribia. Ni kweli haikuwa nalo. Libya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1975, na kwenye karatasi ilikuwa nchi safi. Nje ya karatasi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Gaddafi ilikuwa imekwisha kwenda China kuuliza kama inaweza kuuziwa bomu lililo tayari, na Wachina wakakataa. Kati ya 1978 na 1981, yaani vita vya Kagera vikiendelea na baada yake, Libya ilinunua kutoka Niger zaidi ya tani 2,000 za keki ya njano, ule unga wa urani unaotoka kiwandani baada ya mawe kusagwa na kusafishwa. Huko Tajoura, nje ya Tripoli, Wasovieti walikuwa wakiwajengea mtambo wa utafiti wa megawati 10 ulioanza kazi mwaka 1981. Na ndege ya Tu-22, ile iliyofika juu ya vichwa vya watu wa Mwanza, ni ya aina ambayo Wasovieti waliiunda ili majeshi yao yaweze kubebea pia silaha za nyuklia.

Hamu ilikuwapo, malighafi ilikuwa ikiingia kwa matani, na ndege zilikuwapo. Kilichokosekana ni ujuzi wa kurutubisha urani, yaani kuiongezea ile sehemu inayofaa kwa bomu, na wa kuunda bomu lenyewe. Kwa hiyo anayesema "Gaddafi angekuwa na bomu" hasemi ndoto tupu. Anataja jambo ambalo lilikosa kipande kimoja, ingawa ni kipande kigumu kuliko vingine vyote. Ndiyo maana swali la mahali lingetua linastahili jibu la uzito uleule.

Tuanze na shabaha. Bomu la kawaida linapokosa tangi la mafuta likaangukia kisiwani, mji unapona na swala wanakufa. Bomu la nyuklia halimpi mtu nafasi hiyo. Lile la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, nalo lilikosa shabaha: lililenga daraja la Aioi, likalipukia juu ya hospitali ya Shima, takriban mita 240 kutoka darajani. Hakuna aliyenusurika kwa sababu ya mita hizo. Lilikuwa na nguvu ya takriban kilotani 15, ambazo ni kidogo kwa vipimo vya leo, na hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Rubani wa Libya aliyekosa matangi ya Mwanza kwa kilomita kadhaa angekuwa hajakosa chochote. Capripoint ndiko kwenye chanzo cha maji ya mji. Mwaloni wa Kirumba, ambako dagaa wa visiwa vyote hupakuliwa na kuuzwa hadi Kongo, uko ufukoni mwa mji huohuo. Na upepo na maji ya ziwa havisimami kwenye mpaka wa mkoa, kwa hiyo Kisumu, Musoma, Bukoba na Entebbe kwenyewe, alikokuwa akilindwa Amin mwenyewe, wangepata sehemu yao.

Lakini sidhani kwamba Gaddafi angelilipua. Jambo ninalolifikiria zaidi ni lile onyo la saa 24, na kama Nyerere angeweza kulikataa. Wapo watakaosema kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa msimamo, kwamba Novemba 1978 alikuwa amekwisha kulitangazia taifa kuwa uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, na kwamba asingerudi nyuma kwa kitisho cha mtu yeyote. Wengine watasema kitisho cha nyuklia kwa ajili ya kumwokoa Amin kisingeaminika, maana askari wa Libya wenyewe walikuwa Uganda. Mimi naona tofauti. Kiongozi ana haki ya kuhatarisha jeshi katika vita vya haki. Hana haki ileile ya kuhatarisha mji mzima kwa kutegemea kwamba adui yake anatania, hasa adui ambaye hakuna aliyewahi kufanikiwa kubashiri kesho yake. Naamini Nyerere angesimama. Angeshikilia Kagera iliyokombolewa, pengine na Masaka kwa muda, angekwenda Umoja wa Mataifa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Amin angebaki Ikulu ya Kampala akiua watu wake kwa miaka mingine.

Na hapo ndipo jibu la swali la mzee linapopatikana kwa upande wa siasa. Bomu la Gaddafi lingetua juu ya Waganda bila kurushwa. Wanaolitamani bomu la Afrika humwona akilini mwao Mwafrika mmoja akimtisha mkoloni wa zamani. Ila majirani wa Afrika wamegombana wao kwa wao mara nyingi kuliko walivyogombana na mkoloni tangu uhuru, na mwenye bomu katika ugomvi wa majirani humkinga rafiki yake, awe mwema au mchinjaji.

Makasha na mifuko ya rambo

Sasa nirudi kwenye nusu ya pili ya hoja, ile ya 2003, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi na ambayo wapinzani wa silaha za nyuklia huikwepa kwa haraka inayotia shaka.

Tarehe 19 Desemba 2003 Libya ilitangaza kwamba inaachana na mipango yake ya silaha za nyuklia na za kemikali. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na miaka mingi ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, vilivyoanza 1992 kwa sababu ya ndege iliyolipuliwa juu ya Lockerbie tarehe 21 Desemba 1988 na kuua watu 270, na vilivyoondolewa rasmi Septemba 2003 baada ya Libya kukubali kulipa fidia. Kulikuwa pia na tukio la Oktoba 2003, meli iitwayo BBC China ilipogeuzwa njia na kupelekwa bandari ya Taranto, Italia, ikakutwa na vipuri vya sentrifuji vilivyotengenezwa Malaysia kwa ajili ya Libya. Sentrifuji ni mitungi myembamba inayozunguka kwa kasi kubwa mno ili kuitenga urani nyepesi, inayofaa kwa bomu, na urani nzito isiyofaa. Muuzaji alikuwa mtandao wa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa Pakistani, ambaye Libya ilikuwa ikinunua kwake tangu miaka ya 1990.

Wakaguzi wa Marekani, Uingereza na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipofika Tripoli, walikuta shehena kubwa ya vifaa hivyo ingali kwenye makasha, haijafungwa popote. Michoro ya bomu lenyewe, yenye asili ya China, ilikabidhiwa ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki ya duka la fundi nguo wa Islamabad, mifuko ya rambo kama ile tuliyokuwa tukibebea nyanya kabla haijapigwa marufuku hapa nchini mwaka 2019. Januari 2004 michoro na vifaa vilipakiwa ndegeni kwenda Marekani, na vifaa vikahifadhiwa Oak Ridge, Tennessee.

Ni lazima jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu hoja nzima ya kijiweni imesimama juu ya kosa la kumbukumbu: Gaddafi hakuachia bomu. Aliachia makasha. Alikuwa ametumia fedha nyingi za mafuta kwa zaidi ya miaka 30 bila kuzalisha gramu moja ya urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha silaha, na alipoona kwamba shehena inakamatwa njiani na kwamba jeshi la Marekani limekwisha kuingia Baghdad, aliuza kwa bei nzuri kitu ambacho asingeweza kukitumia. Machi 2004 Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alimfuata hemani. Kampuni za mafuta zilirudi. Mwaka 2006 Marekani iliiondoa Libya kwenye orodha yake ya nchi zinazofadhili ugaidi. Mwaka 2009 Gaddafi alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na mwaka uliofuata Dodoma ikapata msikiti mkubwa unaobeba jina lake. Kama biashara, mpango wa 2003 ulimlipa.

Ukweli wa pili, ambao vijana wako sahihi kuushikilia, ni kwamba walionunua makasha hayo hawakuuheshimu moyo wa mpango huo. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 kwa kura 10, nchi tano zikijizuia, na wanachama wote watatu wa Afrika, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, wakiunga mkono. Azimio liliruhusu hatua za kuwalinda raia. Liligeuzwa kuwa leseni ya kuiangusha serikali. Wajumbe wa Umoja wa Afrika walifika Tripoli tarehe 10 Aprili na mpango wa kusimamisha mapigano, na NATO haikuupa uzito wowote. Tarehe 20 Oktoba Gaddafi alikamatwa Sirte na kuuawa. Nchi ikapasuka, silaha zake zikasambaa hadi Mali, na Libya mpaka leo haijapata serikali moja inayotii mamlaka moja.

Korea Kaskazini ilitoa tamko siku chache tu baada ya mabomu ya kwanza, ikisema kwamba kuinyang'anya Libya silaha kulikuwa mbinu ya uvamizi. Mwaka 2018, wakati Donald Trump anajiandaa kukutana na Kim Jong Un, mshauri wake wa usalama John Bolton alisema hadharani kwamba wanafikiria kufuata mfano wa Libya, na Pyongyang ikakasirika kiasi cha kutishia kuvunja mkutano. Sijui kama Bolton alikusudia kuuharibu mkutano ule. Kama hakukusudia, basi alikuwa mtu wa ajabu kukabidhiwa kazi hiyo. Kila mjumbe anayekwenda sasa kuiomba nchi fulani iache mpango wake wa nyuklia anakwenda na mzigo wa Sirte mgongoni, na aliyemtwisha ni aliyemtuma.

Hata hivyo, tukiyakubali hayo yote, bado hatujafika kwenye hitimisho la kijiweni. Tuseme Gaddafi angekuwa na bomu Machi 2011. Nakubali kwamba pengine NATO isingethubutu. Lakini waliokuwa wameinuka dhidi yake walikuwa Benghazi, watu wake mwenyewe, na vikosi vyake vilikuwa vimefika kingo za mji huo tarehe 19 Machi. Bomu lingewazuia waliokuja kwa ndege na kuwaachia uwanja waliokuja kwa vifaru. Lingekuwa bima ya maisha ya mtu mmoja, iliyolipiwa kwa mafuta ya taifa zima, na mrithi asiyetajwa. Ndivyo lilivyo pia Korea Kaskazini: linawalinda watawala wa Pyongyang vizuri sana, na mkulima wa nchi hiyo halijamwongezea hata kibaba cha mchele.

Mazrui na mwaka uleule

Kuna mtu mmoja ambaye hoja hii aliitetea kwa akili kubwa kuliko sote, na si haki kuijadili bila kumtaja. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, katika mihadhara ya Reith aliyoitoa kupitia BBC, alishauri kwamba nchi kubwa za Afrika, Nigeria ikiwamo, zijipatie silaha za nyuklia. Hakupenda vita. Fikra yake ilikuwa kwamba mataifa makubwa hayatazifuta silaha zao hadi yatakapoona zimeingia mikononi mwa wale wanaowadharau, na hofu hiyo ndiyo itakayowalazimisha wote kuzitupa. Mihadhara hiyo ilitolewa mwaka 1979, mwaka uleule ambao ndege ya taifa moja la Afrika ilikuja kuupiga mji wa taifa jingine la Afrika kwenye ufuko wa Ziwa Victoria.

Naiheshimu hoja ya Mazrui kwa sababu angalau lengo lake lilikuwa kuzifuta silaha. Naikataa kwa sababu historia imekwisha kuipima. India na Pakistani zilijaribu mabomu yao mwaka 1998, Korea Kaskazini mwaka 2006, na mataifa makubwa hayakushtuka hadi kutupa yao, yalizoea. Nchi pekee ya Afrika iliyowahi kuunda bomu ni Afrika Kusini ya makaburu, iliyotengeneza sita na kuyavunja yote kabla ya kutangaza jambo hilo bungeni Machi 1993. Iliyavunja baada ya Wacuba kukubali kuondoka Angola na Namibia kupata uhuru, yaani hofu iliyoyazaa ilipomalizwa kwa mazungumzo. Wakati wote yalipokuwapo, mabomu hayo hayakuwazuia wapigania uhuru hata kwa siku moja.

Ni nini basi kilichoilinda Mwanza mwaka 1979? Ni jeshi lililokuzwa kwa mgambo na watu wa kujitolea, ni malori ya watu binafsi na ya mashirika yaliyochukuliwa kupeleka askari Kagera, na ni uvumilivu wa wananchi ambao Mwalimu aliwaambia wafunge mikanda kwa miezi 18, mikanda ambayo ilibaki imefungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Gharama ilikuwa kubwa mno, na sehemu yake kubwa tuliilipa wenyewe. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979 haukutupongeza. Wapo viongozi waliotulaumu kwa kuingia nchi ya mwenzetu. Sisemi kwamba njia hiyo ni rahisi au kwamba inafaa kila mahali. Nasema ilituachia nchi ambayo jirani zake hawaiogopi, jambo ambalo hakuna taifa lenye bomu linaloweza kulisema.

Karatasi yetu na matundu yake

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa kutiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, jirani zetu Burundi walipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Mkataba huo unazikataza nchi za Afrika kuunda, kumiliki na kujaribu silaha za nyuklia. Kwa upande wao mataifa yenye silaha hizo yanaombwa kusaini itifaki ya kutotumia wala kutishia kutumia silaha za nyuklia dhidi yetu. Urusi, China, Uingereza na Ufaransa zimeridhia. Marekani ilisaini mwaka 1996 na haijaridhia. Rais Barack Obama aliipeleka itifaki hiyo kwenye Seneti Mei 2011, wakati ndege za NATO zingali angani Libya, na Seneti imeikalia tangu hapo. Aidha ramani ya mkataba inaihusisha Diego Garcia, kisiwa cha Chagos chenye kambi ya Marekani, lakini London na Washington hazikubali kwamba mkataba unafika huko. Masika ya 2025 ndege za Marekani za B-2, zinazoweza kubeba silaha za nyuklia, zilipangwa kisiwani humo. Mei mwaka huohuo Uingereza na Mauritius zilitiliana saini makubaliano ya kuirudishia Mauritius mamlaka ya visiwa hivyo huku kambi ikikodishwa kwa miaka 99. Katika bahari yetu hii, mtu anayetaka kupigania usalama wa Afrika ana kazi ya kutosha hapo kabla hajafikiria kuunda bomu.

Kazi ya pili iko nyumbani, na ndiyo inayonishughulisha zaidi nikikumbuka ile keki ya njano ya Niger. Niger iliuza unga wake kwa Libya kama bidhaa ya kawaida, na sehemu yake imebaki kwenye mapipa huko Sabha, kusini mwa Libya, hadi miaka hii. Machi 2023 wakaguzi wa kimataifa walitangaza kwamba mapipa 10 hayaonekani, kisha upande unaoshikilia eneo hilo ukasema umeyapata karibu na mpaka wa Chad. Sisi nasi tunaingia kwenye biashara hiyo. Julai 2025 Rais Samia alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani Namtumbo, mkoani Ruvuma, katika mradi wa Mto Mkuju ambao mwekezaji wake yuko chini ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Siupingi mradi. Urani ikitumika kuzalisha umeme ni biashara halali, na teknolojia ya mionzi tunaifahamu kwa manufaa yake, maana ndiyo inayowatibu wagonjwa wa saratani pale Bugando.

Ila Pelindaba, kifungu cha tisa, inatukataza kuuza urani kwa nchi isiyo na silaha za nyuklia isipokuwa iwe chini ya ukaguzi kamili wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kuhusu mnunuzi ambaye tayari ana silaha hizo, kama Urusi, China au Marekani, kifungu hicho hakisemi kitu. Kwa maneno mengine, mkataba unatuzuia kumuuzia Gaddafi wa kesho, lakini hautuzuii kumuuzia yeyote kati ya wale ambao ghala zao ndizo zinazoitia dunia hofu leo. Australia na Kanada, zinazouza urani kwa wingi, zimeliziba tundu hilo kwa sheria zao: haziuzi hadi mnunuzi asaini makubaliano kwamba urani itatumika kwa amani tu na kwamba itafuatiliwa kila inapokwenda. Bunge letu linaweza kuweka sharti la namna hiyo kabla shehena kubwa ya kwanza haijapakiwa, na Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoko Arusha ikapewa mamlaka na bajeti ya kulisimamia. Ningependa kumsikia mbunge wa Kanda ya Ziwa, yeyote, wa chama chochote, akisimama kumuuliza Waziri wa Madini kama sharti hilo limo kwenye mkataba wa Namtumbo, na kama halimo, ni nani aliyeamua lisiwemo.